Mtoto Anapokataa Kitanda Chake

Safari hii tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika mafundisho ya maandalizi ya ndoa, lakini huwagombanisha wengi mara tu mtoto wa kwanza anapozaliwa: mtoto alale wapi?

Nianze na nyumba yangu. Tulipompata mtoto wetu wa kwanza nilikwenda kwa fundi sokoni Rongo, nikaagiza kitanda kidogo cha mbao chenye vizuizi pande zote. Nilikilipia kwa pesa za mahindi na nikajivunia sana. Mtoto hakukitaka. Alilala vizuri kifuani kwa mama yake, lakini mgongo wake ulipogusa lile godoro tu, alifumbua macho na kuanza kulia. Mimi nikasema kitanda kimenunuliwa, basi kitumike. Mke wangu, ili asinikasirishe, akawa anamchukua mtoto na kwenda kumnyonyesha sebuleni kwenye kochi. Usiku mmoja, yapata saa tisa, niliamka nikaona taa ya sebuleni inawaka. Nilimkuta mama amelala ameketi, na mtoto ameteleza katikati ya mkono wake na mgongo wa kochi, uso umezama katika mto. Nilimnyanyua haraka. Akavuta pumzi kwa nguvu, akalia. Sijawahi kukifurahia kilio cha mtoto kama usiku ule.

Kwa miaka kadhaa nilisimulia kisa hiki kama kosa la mke wangu kusinzia. Leo nakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Mama anayenyonyesha mara tatu au nne kila usiku lazima atasinzia. Kazi ya mume na mke ni kukubaliana mapema atasinzia akiwa wapi.

Jambo hili si geni. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, tunasoma habari za wanawake wawili waliomwendea Mfalme Sulemani. Wengi tunakumbuka ule upanga, tunasahau kesi ilivyoanza: mama mmoja alimlalia mtoto wake usiku, mtoto akafa. Hakukusudia. Ubaya wake ulikuja baadaye, alipomchukua mtoto wa mwenzake. Hata huko Italia, taarifa ya karne ya 18 kutoka mji wa Florence yaeleza kwamba wanyonyeshaji walitakiwa kumlaza mtoto ndani ya kifaa cha mbao chenye upinde, ili mama asimwangukie akisinzia, na asiyetii alitishiwa kutengwa na Kanisa. Siku hizi hatutengi mtu kwa ajili hiyo. Lakini kwetu mtoto akikutwa amekufa asubuhi, watu huanza kutafuta mwenye jicho baya, na jirani au mke mwenza hushukiwa. Nimeona boma likigawanyika kwa sababu hiyo.

Hebu tuangalie yale ambayo wataalamu wanayajua. Mtoto mchanga anaweza kufa ghafla usingizini, hasa kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Jambo la kwanza la kumkinga ni kumlaza chali, kila mara, mchana na usiku. Zamani hata wahudumu wa afya katika nchi nyingi walifundisha kumlaza kifudifudi. Uingereza iliacha na kuanza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo vya namna hiyo vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Nyanya wengi huogopa kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa na maziwa. Wasiogope. Akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi hushuka tena yalikotoka.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Pawe pagumu kiasi na tambarare, bila mto, bila blanketi zito la kuweza kumfunika uso. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini juu ya kitanda chake, angalau kwa miezi 6 ya kwanza. Madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji waliandika mwaka 2020 kwamba mama anayenyonyesha, ambaye nyumba yake haina zile hatari zinazojulikana, anaweza kulala na mtoto wake. Basi hata wao hawajakubaliana. Mimi nawaambia wanandoa waanze na njia ya kwanza, na wawe wamejiandaa kwa ya pili.

Lakini huku kwetu Migori na Homa Bay kuna shida ambayo madaktari wa Marekani hawaijui: mbu. Chandarua huwa kimoja, nacho kimefungwa juu ya kitanda cha wazazi. Ukimtoa mtoto humo ukamweka kwenye kitanda chake, umemwokoa na hatari moja na kumtupa kwenye malaria. Chanjo ya malaria, ambayo huku ilizinduliwa Ndhiwa mwezi Septemba 2019, huanza kutolewa mtoto anapofikisha miezi 6 hivi, kwa hiyo haimkingi mchanga. Ndiyo maana nauliza kila familia: kile chandarua mlichopewa kliniki wakati wa ujauzito kiko wapi? Nimekiona kimezungushiwa sukuma wiki. Ufukweni nimekiona kimeanikiwa omena. Kifueni, mkitundike juu ya kitanda cha mtoto, mkikaze chini ya godoro kisilegee na kumwangukia.

Asiyekuwa na chandarua cha pili ana njia nyingine nzuri. Wamaori wa New Zealand, tangu yapata mwaka 2006, wamekuwa wakisuka kikapu kipana cha majani, chenye sakafu tambarare na kingo imara, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko karibu na mama lakini ana mahali pake, na hakuna anayeweza kumlalia. Huku ziwani tuna mafunjo na wasukaji hodari, hatushindwi. Kikapu hicho kinaingia chini ya chandarua kile kile kimoja. Kikilegea au kikibonyea, kiachwe. Na mtoto akianza kujigeuza, muda wake umekwisha.

Na mtoto anayekataa kitanda hafanyi ukaidi. Amezoea joto na sauti ya moyo wa mama. Mkishamnyonyesha, ngojeni kama dakika 20 mpaka mkono wake uwe mlegevu. Godoro lisiwe baridi: mama alilalie kwanza, au atandike leso aliyoivaa mchana, aikaze vizuri chini ya godoro. Shusheni miguu kwanza, kisha makalio, kichwa mwisho, na mkono wa mzazi ubaki kifuani kwake kidogo. Anzeni na usingizi wa mchana. Akikataa leo, jaribuni kesho, bila kulaumiana.

Hata hivyo kuna usiku ambapo mtoto asiwe kitandani mwenu kamwe. Baba aliyekunywa chang'aa au bia asilale karibu na mtoto. Ateremke kwenye mkeka, wala asione ni aibu. Vivyo hivyo aliyekesha ziwani akivua omena, au aliyetoka zamu ya usiku migodini Macalder: usingizi wa uchovu mwingi ni mzito kama wa pombe. Anayevuta sigara pia. Anayemeza dawa za kuleta usingizi pia. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo 2 na nusu, asilale kitanda kimoja na mtu yeyote. Wala mchanga asilazwe kati ya kaka na dada zake. Na jiko la makaa lisiingie chumbani hata kukiwa na baridi ya mvua, kwani moshi wake usioonekana unaua familia nzima. Kuhusu kochi, nimekwisha kusema. Ni afadhali mama anyonyeshe juu ya godoro lililoandaliwa kuliko kwenye kochi.

Wanaume wengine wananijia wakinong'ona kwamba mtoto amewafukuza kitandani. Nawaelewa. Lakini kumbukeni kwamba kunyonyesha usiku kunasaidia pia kupanga uzazi. Kama mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na mama hajarudia hedhi, uwezekano wa kupata mimba ni chini ya 2 katika 100. Mtoto akipelekwa kulala mbali kwa nyanya na kupewa uji usiku, kinga hiyo inavunjika. Na tendo la ndoa halihitaji usiku mzima, wala kitanda hicho kimoja tu. Zungumzeni.

Mama mkwe naye aelezwe kwa heshima, na mwenye kueleza ni mwanawe, si mkaza mwana. Mimi nilipomweleza mama yangu habari ya kulala chali alicheka, akasema sisi tulilala kifudifudi na tukakua. Nilimuuliza walikuwa wangapi ambao hawakukua. Alinyamaza, kisha akataja majina mawili.

Mtoto wetu wa mwisho alilala ndani ya kikapu cha mafunjo mpaka alipoanza kujigeuza. Kisha tukatoa kile kitanda cha Rongo stoo, tukakipangusa vumbi, tukakitundikia chandarua. Siku ya kwanza alilia. Siku ya nne alilala.