Takwimu za Kimiraba za Hali ya Hewa katika Kukadiria Malaria: Bukoba na Muleba

Mlipuko wa malaria ulioikumba Muleba baada ya mvua za El Niño za 1997–98 ulionyesha haja ya kukadiria maradhi kutokana na mvua na joto la miezi iliyotangulia. Vituo vya hali ya hewa vikiwa vichache, hutumika takwimu za kimiraba: vipimo vya vituo hukadiriwa kihesabu kwa ramani nzima iliyogawanywa miraba. Takwimu za CRU huanzia 1901, kila mraba ukiwa na upana wa kilomita 55 hivi. CHIRPS huchanganya vituo na satelaiti tangu 1981, kwa miraba ya kilomita 5. Lakini hiyo ni ya mvua pekee.

Ugumu umo katika joto. Mraba mmoja wa CRU huchanganya Ziwa Victoria, mji wa Bukoba na miinuko iliyo nyuma yake. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilima cha mita 1,450 huwa na baridi zaidi kwa takriban nyuzijoto 2. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Kwa kanuni iliyozoeleka, vimelea vya Plasmodium falciparum hukomaa ndani ya mbu kwa siku 28 katika nyuzijoto 20, ila kwa siku 55 hivi katika nyuzijoto 18, na ni mbu wachache mno waishio muda huo.

Kwa hiyo joto la mraba hurekebishwa kwanza kwa mwinuko halisi wa kijiji, nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kulilinganisha na kituo cha Bukoba pekee hakutoshi, kwa kuwa kituo hicho nacho kiko kando ya ziwa.