SOMO LA AFYA: Maumivu ya Kisigino Yanatibika



Tukitembelea vikundi vya wakulima huko Mkula, wilayani Busega, tunasikia kilio hiki: asubuhi mtu akishuka kitandani, kisigino kinachoma kama amekanyaga msumari. Wengine husema wametegewa dawa na jirani, na ugomvi huanza. Mara nyingi chanzo ni mguu wenyewe.

Chini ya unyayo upo utando mgumu unaotoka kisigino hadi vidole. Kusimama muda mrefu, kubeba mizigo, uzito mkubwa wa mwili na ndala zilizoisha soli huuchosha utando huo hadi uume.

Tufanye haya kila siku:

1. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha kanga chini ya vidole, uvivute kuelekea kwako kwa sekunde 30. Rudia mara 3.
2. Shika ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini. Kaa hivyo sekunde 30, mara 3.
3. Viringisha unyayo juu ya chupa ya maji baridi kwa dakika 10.
4. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, hata nyumbani.

Wengi hupona bila upasuaji, ingawa huweza kuchukua miezi kadhaa, hata mwaka. Mwenye kisukari, kidonda, uvimbe, homa au ganzi aende kituo cha afya mapema.

Tunaziomba kamati zifundishe somo hili vikundini, na mama anayeumia apewe kazi ya kukaa. Hivyo atabaki kikundini, na jirani hatalaumiwa bure.