Miombo Wakati wa Kiangazi: Mwongozo kwa Mfanyakazi Anayekwenda Mikumi

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi mwenye siku chache za mapumziko na fedha ya kuhesabu, anayetaka kuona wanyamapori na mandhari ya nchi kwa macho yake. Unahusu hifadhi za misitu mikavu, yaani nchi ya miombo na migunga, ambako mvua hukatika kwa karibu nusu mwaka, miti ikapukutisha majani na vijito vikabaki mchanga mtupu. Tanzania inazo kadhaa. Hapa tumechagua Mikumi, mkoani Morogoro, kwa kuwa iko takribani kilomita 280 kutoka Dar es Salaam na lami inafika hadi langoni, hivyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kwenda na kurudi kwa siku tatu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230.

Watu wengi husema wameshaiona Mikumi kwa sababu basi la Iringa, Mbeya au Songea limewapitisha humo. Barabara kuu ya kwenda Zambia huikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na ni kweli kwamba abiria wa dirishani huona swala pala, twiga, na mara nyingine tembo. Lakini alichokiona ni ukingo tu. Msitu mkavu hujifunua kwa anayeujia katika majira yake na kukaa humo akitazama, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na kalenda.

Tarehe kwanza, fedha baadaye

Wafanyakazi wengi huchukua likizo Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na ofisi nyingi hupanga safari ya pamoja wakati wa Pasaka. Kwa hifadhi ya miombo, nyakati hizo zote mbili ni ngumu. Mvua zikishaanza, maji yako kila mahali, kwenye mabonde, kwenye madimbwi na hata kwenye nyayo za tembo, kwa hiyo wanyama hawana haja ya kukusanyika. Nyasi hurefuka zikampita mtu mzima, na simba aliyelala hatua kumi kutoka njiani haonekani. Udongo mweusi wa uwanda wa Mkata hulowa na kunata hadi magari yakakwama, na baadhi ya njia za ndani hazipitiki kabisa. Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kuepuka. Mpenzi wa ndege anaweza kwenda kati ya Desemba na Februari na akafurahi, kwa sababu wakati huo ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wako huku kwetu. Lakini mwenye safari moja tu kwa mwaka asiitumie hapo.

Kuanzia Juni mambo hugeuka. Majani ya miti huanza kuwa ya njano na kudondoka, na nyasi hukauka. Sehemu nyingine wahifadhi huziunguza mapema, kwa mpango, ili moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi usipate kuni. Kadiri wiki zinavyopita, madimbwi hukauka moja baada ya jingine, na pundamilia, nyumbu, nyati, ngiri na tembo hulazimika kurudi kwenye maji yaleyale machache. Simba wanalijua hilo, nao huwasubiri. Ukifika Agosti au Septemba, humtafuti mnyama hifadhi nzima. Unatafuta maji, na wanyama utawakuta hapo.

Kuna uzuri mwingine wa miombo ambao wageni wengi huukosa kwa sababu hawaambiwi. Kati ya Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha hata tone, miti ya miombo na mitondoro huchipua majani mapya. Huchipua kwa maji iliyoyahifadhi shinani na kwa yale ambayo mizizi yake huyafuata chini sana. Majani hayo huanza yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba na ya zambarau hafifu, kisha baada ya siku kadhaa hugeuka kijani. Mlima mzima huwaka rangi wakati ardhi chini yake ni jivu na vumbi. Kwa maoni yangu, hakuna mandhari ya msituni katika Tanzania bara inayoshinda hiyo, na mtu angeweza kusafiri kwa ajili ya majani hayo peke yake.

Sasa tazama kalenda ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini mwajiri ana haki ya kupanga lini ichukuliwe. Peleka ombi lako mwanzoni mwa mwaka na uandike wazi kwamba unaomba Agosti, Septemba au Oktoba. Miezi hiyo haigombewi kama Desemba. Asiyeweza kupata likizo asikate tamaa. Sikukuu tatu za kitaifa huangukia kiangazi: Sabasaba, tarehe 7 Julai, Nanenane, tarehe 8 Agosti, na Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, sikukuu moja inatosha kwa safari ya Mikumi. Tahadhari moja tu: siku za Nanenane, maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro mjini, na vyumba huko hujaa. Oktoba kuna joto kali, lakini ndio mwezi wa majani mekundu na wa maji machache kuliko yote. Mimi ningechagua Oktoba.

Njia na usiku wa kwanza

Kosa linaloharibu safari nyingi za kikundi ni kutoka Dar es Salaam asubuhi, kufika langoni saa saba mchana, na kuingia hifadhini wanyama wakiwa wamelala kivulini. Chalinze peke yake, pamoja na foleni ya malori, inaweza kula muda mliouhesabia wanyama. Safiri siku iliyotangulia. Lala Mikumi mjini, mji mdogo ulio nje ya mpaka wa hifadhi wenye nyumba za wageni za bei mbalimbali, au ndani ya hifadhi kwenye malazi au kambi za mahema, ukiwa umeweka nafasi mapema.

Tangu katikati ya mwaka 2024 kuna njia nyingine nzuri: treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, kisha gari la kukodi kwa kilomita zinazobaki, ambazo ni kama 100. Kwa familia yenye watoto, njia hii hupunguza sana uchovu.

Usipite katikati ya hifadhi usiku kama unaweza kuepuka. Wanyama huvuka lami gizani, na nyati mweusi haonekani hadi taa zimfikie. Fuata kikomo cha mwendo kilichoandikwa kwenye vibao na uyaheshimu matuta. Anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, na viwango hubandikwa kwenye mabango ya barabarani. Ukiwa abiria wa gari lililokodiwa na ofisi yenu, una haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo. Mwambie kwa adabu, na usiache kumwambia.

Gari, kiongozi na malipo

Ofisi nyingi hukodi Coaster kwa kuwa inabeba watu wengi kwa bei moja. Inafaa kuwafikisha Mikumi, lakini ndani ya hifadhi haifai sana. Iko chini, vioo vyake havifunguki vya kutosha, na watu wa upande mmoja hutazama migongo ya wenzao. Mkiweza, iacheni mjini na mkodi magari ya safari yenye paa la kufunguka, watu sita au saba kila gari. Gharama hupanda kidogo kwa kila mtu, na tofauti ya mnachokiona ni kubwa. Kikundi kinachochanga kila mwezi tangu Januari huifikia gharama hiyo bila kugusa mkopo. Akiba hiyo ishikwe na mtu mmoja anayeaminika, iandikwe daftarini, na kila mchangiaji aoneshwe hesabu.

Chukueni kiongozi wa eneo hilo, na msimwache ili kuokoa fedha. Yeye anajua dimbwi lipi lina maji wiki hii na simba walionekana wapi jana jioni. Kiingilio kwa raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni cha chini kuliko cha wageni wengine, lakini lazima uthibitishe uraia: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa kadi, hivyo fedha taslimu mkononi isiwe tegemeo lako. Uliza kibali kinaanza na kuisha saa ngapi, na upange mizunguko yako kwa saa hizo.

Ukishaingia

Kuwa langoni saa 12 asubuhi. Saa tatu za kwanza na saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama ndizo zenye uhai. Mchana wa Oktoba hata tembo husimama wakipunga masikio tu.

Asubuhi anza na uwanda wa Mkata, kaskazini ya barabara kuu. Ni eneo la wazi lenye migunga na mivumo, ambako kwa mbali utaiona milima ya Uluguru upande wa mashariki. Nenda kwenye bwawa la viboko, ambako watu huruhusiwa kushuka garini, kisha mkae. Zimeni injini. Nusu saa ya kimya karibu na maji ina faida kuliko mizunguko mitatu ya kukimbizana na magari mengine, maana wanyama huja kwa zamu: nyani wa manjano wakiwa na watoto mgongoni, kisha kuro, kisha pundamilia wanaosita hatua kwa hatua kabla ya kuinamisha shingo. Furukombe atasikika kabla hajaonekana. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, ni mwoga. Akiona gari linasogea huondoka, akiona limesimama huendelea kula.

Baadaye omba kupelekwa upande wa kusini, kwenye vilima vya miombo yenyewe. Magari mengi hayaendi huko kwa sababu wanyama hawaonekani kwa wingi. Huko ndiko makazi ya tandala mkubwa na palahala, na ukiwa na bahati sana utakutana na mbwa mwitu. Hata usipomwona hata mmoja, itazame miti. Muulize kiongozi akuoneshe mninga, mkongo na mpingo ikiwa hai. Wengi wetu tumeijua miti hii kama vitanda, milango na vinyago, na ni vizuri mtu aione angalau mara moja ikiwa na mizizi ardhini.

Tembo akitandaza masikio na kukutikisia kichwa, simamisha gari, subiri, kisha rudi nyuma taratibu. Usiingie kati ya mama na ndama. Usipige honi wala muziki. Usimpe nyani chakula, kwa sababu nyani aliyezoea mikate huwa mkorofi, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Usitoke nje ya njia wala kushuka garini pasiporuhusiwa. Mfupa, pembe, jino au ngozi uliyoiokota ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai hata kama mnyama alikufa mwenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Beba chakula kwenye vyombo vya kurudi navyo.

Mbung'o na afya

Msitu wa miombo ni makazi ya mbung'o. Huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo sababu mitego utakayoiona ikining'inia mitini ni ya vitambaa vya rangi hizo. Usivae jinzi wala fulana nyeusi ya ofisi. Vaa kaki, kijivu hafifu au rangi ya udongo, mikono mirefu na suruali ndefu ya kitambaa kizito kidogo, maana mbung'o huuma kupitia nguo nyepesi. Hufuata kitu kinachotembea, hivyo fungeni vioo mnapopita kwenye msitu mzito na mfungue mnapofika uwandani. Dawa za kujipaka husaidia zaidi kwa mbu kuliko kwa mbung'o. Kila mtu awe na maji yake ya siku nzima, kofia, na miwani ya jua ikiwezekana. Wenye dawa za kila siku wazibebe kwenye mkoba wa mkononi.

Kwa mwenye wiki nzima

Mwenye likizo ndefu aendelee hadi Ruaha. Kutoka Iringa ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Bila usiku tatu hifadhini safari hiyo haina maana. Huko miombo ya kusini inakutana na migunga ya ukanda wa kaskazini, na mibuyu mikubwa imesimama mamia kwa mamia, mingine ikiwa na magome yaliyochunwa na tembo. Mto Ruaha Mkuu, ambao ndio uhai wa hifadhi, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka katika baadhi ya sehemu wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayotumika kwa kilimo huko juu, bonde la Usangu. Utaona tembo wakichimba mchanga wa mto kwa miguu na mikonga hadi maji yatokeze, na wanyama wengine wakisubiri zamu nyuma yao. Mueleze mtoto wako kwa nini wanachimba.

Wakati wa kutoka na baada ya kurudi

Mkikuta mnyama aliyegongwa au aliyenaswa kwenye mtego, toeni taarifa langoni mkiwa mnatoka, mkitaja eneo. Ukipata homa, maumivu makali ya kichwa au kidonda mahali ulipoumwa na mbung'o, ndani ya wiki chache baada ya safari, nenda hospitali upimwe malaria, na umwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa Mikumi au Ruaha na mbung'o walikuuma, ili kipimo cha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, nacho kifanyike.