Kamanda Eck wa U-852: "Niliamriwa" ni Kinga?

Safu yetu ya somo safari hii inaingia baharini. Wenzetu wanaosoma sheria huenda wameshakutana na kesi ya meli Peleus kwenye vitabu vya sheria ya vita. Sisi wengine, hata kuisikia hatujaisikia, ingawa nyambizi iliyohusika ilikwama pwani ya Somalia, jirani zetu kabisa. Basi tuianze mwanzo.

Eck alikuwa nani?

Heinz-Wilhelm Eck alizaliwa Hamburg mwaka 1916. Aliingia jeshi la maji la Ujerumani mwaka 1934, akiwa kijana wa miaka 18, na kwa muda mrefu alitumikia meli za kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini. Mwaka 1942 alihamia upande wa nyambizi, na mwaka 1943 akakabidhiwa nyambizi yake mwenyewe, U-852. Hii ilikuwa ya aina kubwa, iliyojengwa kwa safari ndefu.

Tarehe 18 Januari 1944 aliondoka Kiel. Kazi aliyopewa ilikuwa kuizunguka Afrika yote kwa kusini na kuingia Bahari ya Hindi. Kabla ya kuondoka alionywa na wakubwa: nyambizi kadhaa za aina hiyo zilizomtangulia zilikuwa zimezamishwa. Ndege za adui zilikuwa kila mahali, na mabaki ya meli yanayoelea yangeweza kumfichua. Hofu hiyo ndiyo aliyosafiri nayo.

Usiku wa Peleus

Tarehe 13 Machi 1944, katika Atlantiki ya kusini, Eck aliiona meli ya mizigo ya Kigiriki, Peleus, ikitoka Freetown kuelekea Amerika ya Kusini. Ilikuwa na mabaharia 35: Wagiriki, Waingereza, Wachina, Wamisri na wengineo. Aliipiga topido, ikazama upesi sana. Mpaka hapo, kwa sheria ya vita ya wakati ule, hakuna aliyemshtaki kwa kosa. Meli ilikuwa ikifanya kazi ya upande wa adui.

Kosa lilianza baadaye. Waliopona walikuwa wameshikilia vyelezo na vipande vya mbao. Eck aliamuru bunduki za rashasha zipandishwe juu, na vyelezo vikaanza kupigwa risasi gizani. Yalitumika na mabomu ya mkono. Vyelezo havikuzama. Kazi hiyo iliendelea kwa saa tano hivi, halafu nyambizi ikaondoka.

Mabaharia wa U-852 wenyewe hawakufurahi. Eck alilijua hilo, akazungumza nao kwa kipaza sauti cha ndani. Aliwaambia kwamba wakizidiwa na huruma wawakumbuke na wake na watoto wao wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege.

Kwenye chelezo walibaki watu wachache. Afisa mmoja alikufa kwa jeraha lake baada ya wiki kadhaa. Watatu waliokolewa na meli ya Kireno tarehe 20 Aprili, siku 38 baada ya meli yao kuzama. Hao ndio waliosimulia.

Mwisho wa nyambizi

Eck aliendelea na safari. Tarehe 1 Aprili alizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian, karibu na Cape Town, kisha akapanda juu kuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Mapema mwezi Mei ndege za Kiingereza kutoka Aden zilimvamia. Nyambizi iliharibika, haikuweza tena kukaa chini ya maji, ikapanda mwambani karibu na Ras Hafun, Somalia. Mabaharia saba waliuawa. Waliobaki waliogelea hadi nchi kavu na kukamatwa, na Eck akiwa mmojawapo.

Mahakamani Hamburg

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ya Kiingereza mjini Hamburg, mji aliozaliwa Eck, tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945. Kati ya waliokaa kuhukumu walikuwemo maafisa wa jeshi la maji la Ugiriki. Washtakiwa walikuwa watano: Eck, afisa August Hoffmann, daktari Walter Weisspfennig, mhandisi Hans Lenz na baharia Wolfgang Schwender.

Eck hakukimbia jukumu. Alisema amri ilikuwa yake. Utetezi wake ulikuwa kwamba alilenga mabaki, si watu, na kwamba usalama wa nyambizi ulimlazimu. Upande wa mashtaka ulijibu kwa hoja nyepesi: kama alitaka kujiokoa, mbona alikaa pale saa tano? Angeondoka kwa kasi usiku uleule, angekuwa mbali kufikia asubuhi.

Wale wanne wengine walisema neno ambalo sote tunalijua: tuliamriwa. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo twende taratibu.

Mwanasheria aliyeishauri mahakama alikubali kwamba baharia haendi vitani na maktaba ya vitabu vya sheria. Hawezi kupima kila amri kabla ya kuitekeleza. Lakini ziko amri ambazo uharamu wake unaonekana na mtu yeyote mwenye akili timamu, hata asiye na elimu. Kumpiga risasi mtu aliyezama, asiye na silaha, anayeshikilia ubao, ni amri ya namna hiyo. Alikumbusha pia kesi ya meli ya hospitali Llandovery Castle, ambapo mwaka 1921 mahakama ya Wajerumani wenyewe, mjini Leipzig, ilisema vivyo hivyo.

Mtazameni Lenz. Alipopata habari ya amri alimwendea Eck akamwambia hakubaliani nayo. Angeishia hapo, huenda jina lake tungelitaja kwa heshima. Baadaye, usiku uleule, alichukua bunduki mikononi mwa Schwender akafyatua mwenyewe. Naye daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu na ambaye sheria ilimkataza kushambulia, alishika silaha pia.

Eck, Hoffmann na daktari walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha na Schwender miaka 15, ingawa wote wawili waliachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Haki ya mshindi?

Najua kuna atakayeuliza: jamani, si Waingereza ndio walioshinda? Swali ni halali, na lina uzito kwetu. Tarehe 12 Februari 1944, mwezi mmoja kabla ya Peleus, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, yaani babu zetu. Manowari za Kiingereza ziliisaka ile nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji huku waliopona wakiwa bado wanaelea palepale. Hakuna aliyeshtakiwa.

Tofauti ipo: pale chini palikuwa na adui mwenye silaha, anayeweza kuzamisha meli nyingine, na waliopona hawakulengwa wao. Kwenye Peleus hapakuwa na adui tena, palikuwa na watu majini tu. Hata hivyo, ni kweli kwamba mshindi hajiweki kizimbani. Hilo linaonyesha kwamba sheria haikumfikia kila mtu. Halimsafishi Eck.

Somo hili halikubaki Ulaya. Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha hadi mwaka 2015 ilikuwa na kanuni hiyohiyo: amri ya mkubwa haifuti kosa, ingawa inaweza kupunguza adhabu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 nao hauikubali amri iliyo haramu waziwazi.

Wenzangu, Eck alikuwa na miaka 27 usiku ule, umri wa wengi wetu humu. Kesho na keshokutwa tutarudi tuwe madaktari, wahandisi, maafisa. Basi tujadiliane: Lenz alipokwisha kusema "sikubaliani", alipaswa kufanya nini zaidi? Na kusema tu kunatosha?

Tukutane toleo lijalo.