Kompyuta Ndogo ya Mezani: Je, Inafaa Duka Lako?

Wakala wetu mmoja wa Pap Onditi alituuliza swali zuri: "Nimeona kompyuta ya mezani ndogo kama kitabu. Ninunue hiyo ama nitafute laptopu?" Duka lake ni la kuweka na kutoa pesa, lakini kwa kuwa ofisi za kaunti ndogo ya Nyakach ziko hapo karibu, wateja humletea pia kazi za eCitizen, ritani za KRA, kuchapisha na kutoa kopi. Tulimjibu kwa maswali manne. Jiulize na wewe kabla pesa haijatoka.

1. Kazi yako inahama au inakaa?
Kama unabeba kazi nyumbani jioni, nunua laptopu. Kama kazi yote inafanyiwa kaunta moja, kompyuta ndogo inatosha kabisa kwa fomu, barua na kuchapisha. Haichukui nafasi, na unaweza kuifunga nyuma ya skrini. Ila si ya gemu nzito wala kuhariri video ndefu.

2. Stima ikipotea, utafanya nini?
Kompyuta hii haina betri. Stima ikikatika, inazima hapo hapo na fomu ambayo hujahifadhi inapotea. Kwa hivyo weka UPS kwenye bajeti. Habari njema ni kwamba inakula umeme kidogo. Tuseme kompyuta na skrini zinatumia wati 40 kwa saa 10: hiyo ni uniti 0.4 za tokeni kwa siku. Mashine kubwa ya zamani na skrini yake zikitumia wati 100, ni uniti nzima. Kumbuka pia kwamba laptopu itabaki hai, lakini printa haitachapisha bila stima. Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo. Inavuta umeme mwingi mno.

3. Bei ni ya nini hasa?
Mara nyingi bei unayoambiwa ni ya kisanduku pekee. Ongeza skrini, kibodi, mausi na UPS, halafu linganisha na laptopu. Kama tayari uko na skrini, angalia tundu lake: za zamani nyingi ni za VGA, na kompyuta nyingi ndogo hutumia HDMI au DisplayPort. Utahitaji adapta.

4. Ni ya umri gani?
Nyingi madukani ni za mtumba. Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma nambari: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8. Wewe unaingiza nambari za vitambulisho na nywila za watu, kwa hivyo mashine isiyopata masasisho ya usalama ni hatari kwao na kwako. Tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD.

Sasa, pesa itoke wapi?
Usiguse floti! Ukiifunga kwenye mashine, mteja wa kutoa pesa siku ya soko ataenda kwa jirani, na huenda asirudi. Weka akiba kidogo kidogo kutoka kwa kamisheni, katika akaunti tofauti.

Siku ya kununua, iwashe kwanza, uichapishie karatasi moja, ndipo ulipe. Lipa kwa nambari ya Till ya duka, hakikisha jina linalotokea ni la duka hilo kabla ya kukamilisha malipo, na uhifadhi ujumbe pamoja na risiti. Muuzaji wa mtandaoni akidai umtumie "diposti" kwa nambari yake binafsi kabla hujaona kitu, achana naye.

Wakala wetu alipiga hesabu akaona kompyuta ndogo inamfaa, lakini UPS haikuwa kwenye bajeti yake. Ameamua kungoja hadi akiba itoshe vyote viwili. Tunaona ameamua vizuri.