SOMO: KUONA HATARI MBELE HAIJAFIKA

Mama mpendwa, mtoto mchanga unajua kumlinda: chanjo, chandarua, maji ya kuchemsha. Lakini yule mkubwa aliyeanza kuendesha pikipiki, nani anamlinda? Duniani kote, ajali za barabarani zinaua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kupita ugonjwa wowote.

Kijana mpya ana nguvu na macho mazuri. Kinachokosekana ni desturi ya kutazama mbali. Yeye anaangalia gurudumu lake na shimo la karibu. Dereva mzoefu anaangalia mbele na kujiuliza: «Pale kunaweza kutokea nini?»

Mwonyeshe hesabu hii. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pikipiki inapita meta 11 kwa sekunde 1. Mbele mkono ukamate freni, ile sekunde inaweza kuwa imekwisha. Mtoto akitokea kwa meta 10, freni haitamwokoa. Inafaa kupunguza mwendo wakati mtoto hajaonekana bado.

Pengine utasema: «Mimi sijui kuendesha, nitamfundisha nini?» Mama, unajua! Ukiona mtoto anatambaa kwenda kwenye mbabula, hungoji aungue. Ile ndiyo akili tunayotafuta.

Simama naye kando ya barabara dakika 10. Umuulize, ajibu kwa sauti:

1. Mpira umevuka barabara. Nani anaufuata? (Mtoto.)
2. Kamio imesimama. Nani amefichwa mbele yake? (Mtu anayetaka kuvuka.)
3. Chukudu inashuka mlima na mzigo. Itasimama upesi? (Hapana.)
4. Mvua imeanza kunyesha. Njia iko namna gani? (Inateleza.)
5. Mama amebeba mzigo kichwani. Atageuka kukuona? (Usitegemee.)

Kwa yote matano tendo ni moja: apunguze mwendo mapema, vidole viwe tayari kwenye freni.

Miezi ya kwanza asipakize marafiki, asiendeshe usiku, asishike simu njiani. Kofia ngumu aifunge vizuri chini ya kidevu. Ile isiyofungwa inaruka mbele kichwa hakijagonga chini.

Na wewe ukipanda nyuma yake kuja kliniki, mwambie ataje hatari anazoona. Akinyamaza muda mrefu, umuulize: «Unaona nini kule mbele?»

Jioni someni pamoja Mithali 22:3, kisha mwombee safari zake.