Muhula wa Mnunuzi wa Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mas'ala haya huulizwa sana katika miji yetu ya pwani. Mtu auza nyumba yake. Mnunuzi amekuja, ameingia vyumba vyote, amepanda darini, amegonga kuta kwa kidole, kisha amesema: "Nipe nafasi nikafikiri." Siku zapita, jumaa yapita, jibu haliji. Na muuzaji ana deni limwelemealo, au ana nduguze wangojeao mafungu yao ya mirathi, na mnunuzi wa pili amekwisha bisha hodi. Je, muuzaji huyu yumo kifungoni mwa yule wa kwanza? Na zile pesa alizoachiwa kwa jina la arbuni, ni mali yake au ni amana?

Jua, ewe ndugu, ya kuwa jawabu halipatikani mpaka kwanza ijulikane wawili hawa wamefika wapi. Neno la kuuza na kununua lina mlango wake, na kabla ya mlango huo watu wako barazani tu.

Ikiwa mmoja hajasema "nimekuuzia" wala mwenziwe hajasema "nimenunua", na bei yenyewe haijatulia, basi hapana kitu kimfungacho yeyote. Mnunuzi aweza kwenda zake asirudi, na muuzaji aweza kumwuzia mwingine siku ile ile, wala hana dhambi. Watu wengi hudhani kuwa kule kuitazama nyumba na kuisifu kumekwisha mpa mtazamaji haki. Hakumpi. Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye, nayo ni hadithi sahihi iliyopokewa na Ibn Umar, lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, na miongoni mwao Imamu Nawawi katika Minhaj, wamebainisha kwamba kuingilia mapatano ya mwenzio huwa haramu baada ya bei kutulia. Kabla ya hapo mtu kuja na bei ya juu ni halali, kama ilivyo halali mnada. Na Tirmidhi amepokea kwa Anas kwamba Mtume mwenyewe aliuza tandiko na bakuli kwa yule aliyezidisha bei.

Bali bei ikitulia, wakaridhiana wote wawili kwa ulimi waziwazi, ikabaki kufunga mauzo tu, hapo mtu wa tatu hana ruhusa ya kuja kunong'ona mlangoni kuwa yeye ataongeza. Wala dalali asimlete mtu asiyetaka kununua, akataja bei kubwa ili yule aliyenyamaza ashtuke na kuharakisha. Hiyo ndiyo najshi, nayo ni haramu hata kama nyumba yastahili bei ile. Twaitaja hapa kwa sababu siku za kungoja ndizo siku zake.

Sasa twende kwa waliokwisha vuka mlango. Wamesema "nimekuuzia" na "nimenunua". Katika madhehebu yetu kila mmoja wao angali na khiyari ya kuvunja maadamu wamo katika majlisi ile, kwa hadithi ya Hakim bin Hizam na ya Ibn Umar. Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa hawakuikubali khiyari hii. Kwa sisi tulio Mashafii, haiondoki kwa kupita saa: lau watakaa sana, au watainuka wakafuatana safari ya vituo, khiyari yao ingalipo. Huondoka kwa kufarikiana miili, au kwa kusema wote kuwa wamechagua kuyathibitisha mauzo. Na kufarikiana hupimwa kwa desturi: wakiwa ndani ya nyumba ndogo, ni mmoja kutoka nje, wakiwa katika nyumba kubwa, ni kutoka uani kuingia chumbani, wakiwa sokoni, ni mmoja kugeuza mgongo akaenda kidogo. Imepokewa kuwa Ibn Umar akinunua kitu kilichompendeza alikuwa akiinuka na kutembea kidogo ili mauzo yathibiti.

Lakini aombaye nafasi ya kufikiri hataki majlisi, ataka siku. Mlango wake ni khiyari ya sharti. Asili yake ni habari ya sahaba Habban bin Munqidh, aliyekuwa akighilibiwa katika biashara. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aseme auzapo na anunuapo kwamba hapana udanganyifu, kisha awe na khiyari masiku matatu. Kwa hiyo Imamu Shafii amesimama kwenye siku tatu, nazo zahesabiwa tangu siku ya mapatano. Wakishartiana nne, au wakasema "mpaka nitakapokuwa tayari", mauzo yenyewe yamebatilika. Imamu Malik aliangalia kitu kinachouzwa, akaona nyumba yahitaji kuchunguzwa zaidi kuliko nguo, akairuhusia kiasi cha mwezi. Imamu Ahmad akaruhusu muda wowote, maadamu wajulikana. Watazame maimamu hawa: wamehitalifiana katika urefu wa muda, wala hapana kati ya hawa watatu aliyeruhusu muhula uachwe wazi bila ya mwisho kabisa.

Na ndani ya siku tatu zile nyumba ni ya nani? Hapa pana faida kubwa, kwani nyumba nyingi huuzwa zikiwa na wapangaji. Ikiwa khiyari ni ya muuzaji peke yake, milki ni yake. Ikiwa ni ya mnunuzi peke yake, milki ni ya mnunuzi. Ikiwa ni ya wote wawili, milki husimama: mauzo yakitimia, itadhihiri kuwa nyumba ilikuwa ya mnunuzi tangu lile neno la kwanza, yakivunjika, itadhihiri kuwa haikumtoka mwenyewe. Kodi ya siku hizo yafuata milki. Ama nyumba ikianguka kwa mvua kabla haijakabidhiwa, mauzo yamevunjika na hasara ni ya muuzaji, hata kama siku tatu zimekwisha pita. Na kukabidhi nyumba ni kumwachia mnunuzi njia, kumpa ufunguo, na kuondoa vyombo vyako. Mtu aliyepokea bei na sanduku zake zingali chumbani, bado hajakabidhi.

Twaja kwenye arbuni, ambayo ndiyo iletayo ugomvi.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa khalifa, Nafi bin Abdul Harith, aliyekuwa liwali wake Makka, alinunua nyumba kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza. Mwenye neno la mwisho alikuwa Umar, naye yuko Madina, na kati ya miji miwili ile ni safari ya siku nyingi. Safwan angojee nini, na kwa faida gani? Wakashartiana: Umar akiridhia, mauzo ni mauzo yake, asiporidhia, Safwan atapata mia nne. Bukhari ameitaja habari hii. Imamu Ahmad aliishika, akajuzisha arbuni: mnunuzi atoa kitu mbele, akinunua chahesabiwa katika bei, akiacha ni cha muuzaji kwa kule kumngojea.

Wanazuoni wetu wa Kishafii, pamoja na Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa, hawakukubali. Wameona ni kula mali ya mtu bila ya badali, wakashika katazo lililomo katika Muwatta kwa njia ya Amr bin Shuaib, ijapokuwa wenye elimu ya hadithi wameidhoofisha sanadi yake. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei mwezi wa Juni 1993, likajuzisha arbuni kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe na mpaka.

Rai yangu ni hii. Ashikaye madhehebu ya Shafii bila ya kuyatoka, na arudishe arbuni mnunuzi akiacha, hata kama amemsubiri sana. Atakaye kuifuata rai ya Imamu Ahmad, na aseme hivyo mapema, wala asingoje mpaka mnunuzi ashindwe ndipo ajifanye Mhanbali; na siku ya mwisho itajwe. Ama yule apokeaye arbuni za watu watatu kwa nyumba moja, akamwambia kila mmoja "yako wewe tu", huyo hana imamu wa kumtetea.

Na mnunuzi naye ana lake. Akijua moyoni kuwa fedha haitafika, na aseme "sitaki" leo. Muuzaji mwenye deni afadhali apate neno hilo Jumamosi kuliko kupata heshima na udhuru mwezi mzima.

Wako wahitajio zaidi ya siku tatu kwa haki, mathalan angojeaye fedha ya nduguye aliye Maskati. Kwa Mshafii njia ni kutofunga mauzo kwanza. Mwenye nyumba atoe ahadi tu: "Nakungojea mpaka siku fulani, ikipita, niko huru." Ahadi si mauzo, lakini Muislamu huitimiza. Na siku zile asiifiche nyumba aibu yake: boriti iliyoliwa na mchwa na dari livujalo yasemwe sasa, kwani aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kuirudisha nyumba akiigundua baadaye.

Ikiwa nyumba ni ya shirika, na ndugu mmoja auza fungu lake kwa mgeni, amwarifu mshirika wake kwanza. Mshirika ana shufaa kwa hadithi ya Jabir, naye jirani hana katika madhehebu yetu. Na mshirika akipata habari ya mauzo yapasa aharakishe. Akikaa kimya bila ya udhuru, haki yake imekwenda.

Mwisho ni kuandikiana. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha kuandika deni la muda, na kushuhudisha tuuzianapo. Serikali nazo zataka hivyo: Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hairuhusu kudaiwa mahakamani mkataba wa kuuza ardhi ila uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 nayo yataka maandishi. Basi karatasi yenu itaje bei, itaje kama mmefunga mauzo au ni ahadi, itaje khiyari ni ya nani, kilichotolewa mbele kitakuwaje mnunuzi akiacha, na muhula waisha siku gani na saa gani. Mashahidi wawili watie sahihi, na kila mmoja achukue nakala yake.

Wallahu aalam.